Kilaza wa kwenye TV anatengenezwa, sisi tunanunua

Usaili wa shindano la kuimba la Bongo Star Search ukianza tu kupita mikoani, magrupu ya WhatsApp hapa Dodoma yanajaa stika kabla hata hujajua nani kapita nani kabaki. Unazijua aina zake. Kuna yule aliyekaza shingo anaimba wimbo wa Kizungu ambao maneno kayatunga mwenyewe njiani, kuna anayeulizwa swali jepesi la jina na umri akajikanyaga, kuna aliyeambiwa asante tumekusikia akadhani kapita akaanza kurukaruka. Na komenti chini ni zilezile kila mwaka, kilaza huyu, zoba, shule alienda kulala, huyu katoka Kongwa nini, hivi kwao hawana TV.

Sikatai kwamba inachekesha. Mtu akichukua wimbo wa Whitney Houston akauimba kwa Kiingereza cha kubahatisha na macho kafumba kwa hisia, ukijibana usicheke utapasuka mbavu. Mimi nabishia ile hatua ya pili, ya kutoka "kaimba vibaya" kwenda "hana akili", maana tunairuka haraka kiasi kwamba hatuoni hata kama tumeruka kitu.

Chukua mfano wa mwaka 2004 kule Marekani, kwenye shindano la kuimba la American Idol. Akasimama kijana anaitwa William Hung akaimba wimbo wa Ricky Martin, sauti hamna, kucheza hamna, majaji wakashindwa kujizuia, nchi nzima ikacheka wiki kadhaa. Alipoambiwa kwamba hajui kuimba wala kucheza akajibu kwa upole tu kwamba katoa alichonacho na hana cha kujutia. Sasa huyo "zoba" wakati huo alikuwa anasoma uhandisi wa ujenzi Berkeley, chuo ambacho wengi waliokuwa wanamcheka wasingepata hata fomu ya kuombea, na baadaye akaja kufanya kazi ya kuchambua takwimu za uhalifu kwenye idara ya sherifu ya Kaunti ya Los Angeles. Alichokosa ni sauti. Sauti na akili havikai chumba kimoja, ila kamera ikishakuweka kwenye fungu la wachekeshaji wa bahati mbaya hakuna anayekuja kuuliza umesomea nini.

Na kuna jambo la usaili huo ambalo watazamaji wengi hawaliwazi. Kwenye shoo kubwa kama ile, watu wanaojitokeza ni maelfu, wanajaza uwanja, na wale majaji watatu au wanne maarufu hawana muda wa kuwasikiliza wote. Kabla yao kuna meza za wafanyakazi na maprodyuza wanaochuja. Unaimba sekunde chache wanakwambia pita au nenda nyumbani. Waimbaji wa kawaida, wale wa katikati ambao sio wazuri sana na sio wabaya sana, ndo wanarudishwa. Wanaopita ni wazuri kabisa na wabovu kabisa. Yaani yule mbovu unayemuona mbele ya majaji alishaambiwa "umepita", pengine mara mbili, na watu wanaojua kazi yao, akapiga simu nyumbani, mama akashukuru Mungu, afu akaingizwa chumbani akachekwa. Halafu sisi tunauliza, hivi huyu hakuwa na rafiki wa kumwambia ukweli? Waliompitisha waliujua ukweli vizuri kuliko rafiki yeyote, wakaunyamazia kwa sababu walikuwa na kazi nao.

Ukishapita chumba cha usaili kuna chumba cha kuhariri, na hapo ndo kuna ufundi wenyewe. Shoo ya kuishi nyumba moja inarekodi mchana na usiku, makamera kila kona, halafu wewe unapewa chini ya saa moja. Mtu yeyote, profesa, mbunge, shehe, padri, ukimrekodi saa 24 utapata dakika mbili alizosema upuuzi mtupu, nakuhakikishia, wewe zikate hizo dakika mbili uzipange moja baada ya nyingine wiki nne mfululizo uone kama profesa hajageuka mwendawazimu. Wahariri wa Marekani wana hadi jina la mbinu ya kuchukua kipande cha sentensi ya Jumatatu ukakigandisha na cha Alhamisi likatoka neno ambalo mtu hakulisema hivyo, wanaiita frankenbite. Ongeza muziki wa kuchekesha, ongeza picha ya mwenzake aliyekunja uso (ambayo labda alikunja kwa sababu ya jua), kazi imeisha, kilaza kazaliwa.

Mfano mkubwa kuliko wote ni Jade Goody, na huyu nitakaa naye kidogo kwa sababu habari yake ina kila kitu ndani.

Jade aliingia Big Brother ya Uingereza mwaka 2002, binti wa miaka 20 hivi wa Bermondsey, kusini mwa London, muuguzi msaidizi wa meno. Baba alikuwa na historia ya madawa na jela, mama alipata ajali ya pikipiki mkono mmoja ukapoteza nguvu, kwa hiyo binti tangu mdogo alikuwa analea nyumba badala ya kulelewa. Ndani ya nyumba ile akaongea kama alivyokuwa anaongea kwao. Akadhani Cambridge iko London, alipoambiwa ni huko East Anglia, mashariki mwa England, akasema "East Angular", akadhani ni nchi ya nje. Akadhani Rio de Janeiro ni jina la mtu. Magazeti ya udaku yakamla mzima mzima, yakamuita nguruwe, na watu wazima wenye digrii zao wakaandika makala kuonyesha kwamba huyu ndo ushahidi wa taifa kuoza. Alimaliza wa nne.

Kitu ambacho hakuna aliyekuwa na haraka ya kukiuliza, ni nani alimfundisha jiografia huyo binti, na ile miaka aliyokuwa anapika na kumuogesha mama yake, shule ilikuwa inafanya nini.

Basi akatoka, na yeye akaamua kama mnanicheka lipeni. Akauza mahojiano, akatoa kitabu cha maisha yake, manukato yenye jina lake, vipindi vyake mwenyewe vya TV, akawa tajiri. Tukisema akili ni uwezo wa kusoma mazingira ukapata riziki, yule alikuwa nayo ya kutosha.

Afu ikaja Januari 2007, Big Brother ya mastaa, na hapo Jade na wenzake wakamfanyia mwigizaji wa India, Shilpa Shetty, maneno na vitendo vya kibaguzi, malalamiko zaidi ya 44,000 yakaenda Ofcom, mamlaka ya utangazaji ya kule. Akalaumiwa, na alistahili. Hapa ndo naomba msomaji tuelewane, maana kuna mtu atasema mwandishi anatetea kila aliye kwenye TV asiguswe. Hapana. 2002 alichekwa kwa asichokijua, 2007 alilaumiwa kwa alichomfanyia mwenzake. Hayo ni mambo mawili tofauti kabisa, ila ajabu ni kwamba watu wengi walifurahia zaidi la kwanza, na lilipokuja la pili wakalichanganya wakasema si mnaona, ni mjinga tu. Kumbe ubaguzi haukuwa ujinga wa jiografia. Wapo watu wanaijua ramani ya dunia yote mpaka mito yake na bado ni wabaguzi wa kutupwa.

Mwaka 2008 akaenda India kwenye Bigg Boss, yaani Big Brother ya kule, mtangazaji wake akiwa ni Shilpa huyohuyo, na akiwa huko ndani akapewa taarifa kwamba ana saratani ya mlango wa kizazi. Akafariki Machi 22, 2009, ana miaka 27, kaacha watoto wawili wa kiume. Ugonjwa wake aliufanya wazi, tena kwa kulipwa, alisema anataka watoto wasome shule nzuri, na watu wakamsema kwa hilo pia. Lakini kati ya katikati ya 2008 na katikati ya 2009, England peke yake wanawake kama nusu milioni zaidi ya kawaida walijitokeza kupima. Huku kwetu saratani hiyohiyo ndo inaongoza kwa wanawake na kampeni tunazo kila mwaka, mabango tunayo, T-shirt tunazo, muulize mhudumu yeyote wa afya jinsi ilivyo kazi kumfikisha mama kwenye kitanda cha kupimwa. Yule "mjinga" aliwafikisha.

Sasa turudi nyumbani, kwa sababu sisi tuna kilaza wetu na anatengenezwa kwa malighafi ya hapahapa.

Vipindi vya maswali ya barabarani vimejaa kwenye TV za mtandaoni siku hizi, jamaa kashika maiki anasimamisha watu, rais wa kwanza wa Kenya nani, tano mara tano jumlisha tano, na lile swali la kudumu, mji mkuu wa Tanzania ni upi. Mtu akisema Dar es Salaam, basi, katolewa klipu, na sisi wa Dodoma tunakuwa wa kwanza kuishea maana inatuuma. Ila hebu tulia ufikirie. Uamuzi wa kuhamishia makao makuu Dodoma ni wa 1973. Kuanzia hapo zaidi ya miaka 40 kitabu cha shule kilisema Dodoma, halafu Ikulu unayoisikia kwenye redio iko Dar, wizara ziko Dar, balozi ziko Dar, ukitaka pasi ya kusafiria unaambiwa nenda Dar, hapa Dodoma tulibaki na Bunge linalokuja kwa msimu pamoja na bei za gesti zinazopanda msimu huohuo. Kuhama kwenyewe kulianza kwa kasi 2016, Dodoma ikawa jiji Aprili 2018, na sheria ya kuitangaza kuwa makao makuu ikapitishwa na Bunge mwaka huohuo wa 2018. Mtu aliyejibu Dar miaka yote hiyo alikuwa anajibu alichokiona kwa macho yake. Aliyejibu Dodoma alikuwa anakumbuka alichokariri. Nani hapo ana akili zaidi mimi sijui kama ni rahisi kusema, lakini anayechekwa ni mmoja tu.

Na yale maswali yenyewe, nani anayachagua? Hakuna anayemsimamisha kijana wa Masaki akamuuliza zabibu za Dodoma zinavunwa mara ngapi kwa mwaka. (Mara mbili.) Hakuna anayemuuliza mtu kwenye eneo lenye mvua chini ya milimita 600 kwa mwaka, tena za msimu mmoja, unapanda uwele lini na unafanyaje mvua ikikata Februari. Bibi wa Chamwino ambaye hajui tano mara tano ya kwenye maiki analijibu hilo amelala. Nilimsikia mzee mmoja pale Sabasaba, kijana wa bodaboda alikuwa anamuonyesha klipu ya aina hiyo huku anacheka, "Ona babu, huyu hajui hata Rais wa kwanza wa Kenya," mzee akatazama mpaka mwisho akarudisha simu akasema, "Mjukuu wangu, na huyo Mkenya naye wakimuuliza wa kwetu?" Akaendelea na kahawa yake.

Lakini malighafi kubwa ya kilaza wa Kibongo ni Kiingereza. Angalia vizuri utaona, mtu akikosea Kiswahili kwenye shoo, akasema "kiti hii", hakuna stika. Akikosea Kiingereza, kaisha. Na tunajua kabisa tumefikaje hapo, mtoto wa shule ya msingi ya serikali anasoma miaka saba kwa Kiswahili, sayansi kwa Kiswahili, hesabu kwa Kiswahili, halafu Januari moja anaingia kidato cha kwanza anakuta kila kitu kimegeuka Kiingereza, mwalimu mwenyewe akifunga mlango anafundisha kwa Kiswahili ili aeleweke, mtihani unakuja kwa Kiingereza. Matokeo ya kidato cha nne ya 2012, yale yaliyotangazwa Februari 2013, kama asilimia 60 ya watahiniwa walipata ziro, mpaka serikali ikayafuta ikayapanga upya. Taifa zima limepita kwenye mashine ileile. Halafu mmoja wetu anasimama mbele ya kamera, anajikwaa kwenye "is" na "are", na sisi wengine tuliojikwaa hapohapo tunamcheka kwa sauti kubwa.

Ndo maana nasema kicheko kile kina woga ndani yake. Anayemcheka mwenzake kwa Kiingereza mara nyingi ni mtu wa kidato cha nne anayemcheka wa darasa la saba, au wa diploma anayemcheka wa kidato cha nne, kila mtu anasukuma chini ili ahakikishe kuna mtu chini yake. Wazungumzaji wazuri wa Kiingereza ninaowafahamu mimi, wale waliokaa nje au waliosoma sana, hawapo kwenye zile komenti. Hawana haja.

Dodoma hapa tuliona neno hilo la kilaza likitumika kwa watu wengi kwa mpigo, na sio kwenye TV ya burudani. Mwishoni mwa Mei 2016 wanafunzi zaidi ya 7,000 wa Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM), wale wa stashahada maalumu ya ualimu wa sayansi, waliambiwa waondoke chuoni haraka, saa 24, baada ya walimu wao kusitisha kufundisha kwa madai ya malipo. Watu tukawaona na mabegi yao stendi. Siku chache baadaye Rais Magufuli akiwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam akawaita vilaza ambao hawakustahili kuwa chuo kikuu. Kupanga programu hawakupanga wao, walidahiliwa na mfumo wa serikali yenyewe kwa sababu nchi ilikuwa na uhaba wa walimu wa sayansi, na baada ya uhakiki wengi wao serikali hiyohiyo ikawapangia vyuo vya ualimu wakaendelee. Lakini neno lilishatoka, likawa utani wa mjini mwaka mzima, ukivaa tisheti ya UDOM unaulizwa wewe ni kilaza orijino au wa kuhamia. Namna ya kufanya ni ileile ya kwenye shoo, wenye kosa ni waliopanga programu, anayewekwa mbele ya kamera ni kijana wa miaka 19 na begi lake.

Na tukubaliane kwamba Kiingereza hakijawahi kupima hata ushindi. Big Brother Africa lugha ya ndani ya nyumba ilikuwa Kiingereza, na tuliambiwa siku zote kwamba Mtanzania kule ataumbuka kwa sababu Mkenya, Mganda na Mnaijeria watamzidi kuongea. Tanzania ilishinda mara mbili. Richard Bezuidenhout mwaka 2007 akaja na dola 100,000, na Idris Sultan mwaka 2014 akaja na dola 300,000. Idris alishinda kwa uchangamfu na utani mpaka leo anakula kwa utani huohuo. Kwenye nyumba ile waliojifanya wajuaji wa kila kitu walikuwa wanatolewa mapema tu, maana kukaa na watu nako kunahitaji akili, hiyo haina cheti.

Shoo yetu iliyowahi kuligeuza jambo hili kichwa chini miguu juu ni Maisha Plus, ilianza 2009, ya Masoud Kipanya na wenzake. Ukiwatoa vijana wa mjini wenye simu nzuri na Kiingereza chao ukawaweka kijijini, chota maji, washa moto, lima, kamua, ndani ya wiki unaona nani sasa anaonekana zoba. Yule mjuaji anashika jembe kwa mikono inayotetemeka na yule aliyekuwa hasemi kitu ndo anaulizwa na kila mtu sasa tunafanyaje. Baadaye wakaingia na akina mama wa Mama Shujaa wa Chakula, mpango wa Oxfam ulioanza 2011, wakulima wanawake, wengine elimu yao ni msingi, wakakaa kijijini kwenye kamera wakieleza mbegu, mbolea na mgogoro wa ardhi na mashemeji. Hakuna aliyewacheka. Kamera ilikuwa ileile, nchi ileile na watazamaji ni walewale, ila maswali yalikuwa ya kitu wanachokijua. Mimi huu mfano naupenda kwa sababu unaua hoja ya "lakini watazamaji ndo wanataka kucheka vilaza". Watazamaji wanakula walichopakuliwa.

Kuna kitu cha kikabila pia nisipokisema nitakuwa nimewaogopa ndugu zangu. Komedi za TV zetu zikitaka mjinga, zinamvisha lafudhi. Na lafudhi ya Mgogo imetumika sana, Mgogo ombaomba, Mgogo mlenda, Mgogo aliyefika Dar akashangaa ghorofa. Kwa hiyo kijana wa Mpwapwa au Bahi akiingia usaili akafungua mdomo, kabla ya noti ya kwanza mtazamaji keshacheka, kicheko kilikuwa kinamsubiri. Halafu hukohuko ndo alikotoka Hukwe Zawose, Mgogo wa zeze na ilimba (ile ala ya kupiga kwa vidole gumba), aliyefundisha Chuo cha Sanaa Bagamoyo, akatoa albamu na Real World, lebo ya Peter Gabriel, Wazungu wakanyamaza kimya kumsikiliza akiimba kwa Kigogo kile ambacho sisi kinatuchekesha. Najiuliza tu angeingia usaili wa siku hizi na zeze lake, kavaa alivyokuwa anavaa, angepata sekunde ngapi kabla ya mtu wa kuhariri kumuwekea ule muziki wa kikatuni.

Wapo wanaosema lakini wengine wanajifanya. Ni kweli, wapo. Jessica Simpson mwaka 2003 kwenye shoo yake na mumewe alikuwa anakula samaki jodari wa kopo wa chapa ya Chicken of the Sea akauliza hii ninayokula ni kuku au samaki, Marekani ikazimia kwa kicheko, na mpaka leo watu hawajaamua kama alikuwa anauliza kweli au anatengeneza shoo. (Kopo limeandikwa kuku, jamani, swali sio baya hivyo.) Biashara yake ya viatu na nguo iliyokuja baadaye ikafikia mauzo ya zaidi ya dola bilioni moja kwa mwaka madukani. Kujifanya mjinga ni kazi kama kazi nyingine, sisi wenyewe tunao wachekeshaji wanaoishi vizuri kwa hilo, na mtu akiamua mwenyewe kwa mkataba wake na malipo yake sina neno.

Shida ni yule ambaye hajaamua. Mwaka 2007 binti wa miaka 18, Caitlin Upton, kwenye mashindano ya urembo ya vijana Marekani, aliulizwa kwa nini inasemekana moja ya tano ya Wamarekani hawawezi kuonyesha nchi yao kwenye ramani, akapaniki, akajibu kitu hakina kichwa wala miguu. Klipu ikatazamwa na mamilioni. Swali lenyewe lilishasema Wamarekani mamilioni hawajui ramani, sasa kati ya wote hao aliyebebeshwa aibu ni mmoja aliyekuwa juu ya viatu virefu mbele ya taa. Miaka minane baadaye alilieleza jarida la New York kwamba kebehi zile zilimfikisha kwenye kufikiria kujiua. Uingereza baada ya vifo vya washiriki kadhaa wa shoo za namna hii, Ofcom ikaweka kanuni mwaka 2021 kwamba kituo kinachorusha kipindi kiwajibike na ustawi wa mshiriki, kabla na baada. Sisi tuna Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, ina kifungu cha unyanyasaji wa mtandaoni, ila kijana wa Kibaigwa atamshtaki nani, grupu la familia?

Mimi siamini tutaacha kucheka, wala sitamani. Ninachotaka ni kitu kidogo cha kihasibu. Klipu ya mwimbaji mbovu ndo inayotangaza msimu, inawekwa kwenye promo, inarudiwa kila ikikaribia saa tatu, inavuta watazamaji na wadhamini wanalipia hao watazamaji. Mshindi anapewa zawadi, majaji wanalipwa, mhariri aliyeweka muziki wa kikatuni analipwa, mwenye mtandao analipwa na matangazo. Aliyefanya watu wafungue TV, yule wa stika, anaondoka na namba ya karatasi kifuani na njaa. Kwenye mkataba kiwekwe kipengele, sura yako ikitumika kwenye tangazo la kipindi unalipwa kama msanii yeyote wa tangazo, na ukikataa isitumike. Maprodyuza watasema bajeti haitoshi. Kwa kipindi chenye mdhamini wa kampuni ya simu, kumlipa kijana siku yake moja ya kazi pamoja na nauli ya kumrudisha Kibaigwa haiwezi kuwa hela ya kuwafilisi.